Mbwa anajikuna usiku kucha: jinsi ya kujua kinachomwasha kabla hujamwita mtu wa sindano

Ukisema tu mtaani kwamba mbwa wako anajikuna sana, majibu utapewa papo hapo. Huyu atakwambia mpake oili chafu ya gari, yule atakwambia kanunue dawa ya josho la ng'ombe, mwingine ana namba ya jamaa anayekuja mpaka nyumbani na sindano, anachoma, anachukua hela yake, na kweli kesho yake mbwa katulia kabisa unasema huyu jamaa kiboko. Baada ya wiki chache muwasho umerudi palepale na unampigia tena. Ile sindano mara nyingi ni steroidi, na steroidi inazima muwasho wowote ule, uwe wa viroboto, wa upele, wa chakula, haichagui, ndo maana inaonekana inafanya kazi. Ila kilichokuwa kinamwasha bado kipo, na kama ni utitiri wa demodeksi, wale wadudu wadogo sana wanaoishi ndani ya ngozi, ndo umewafungulia mlango kabisa maana wanastawi kinga ya mwili ikishuka.

Kutafuta sababu yenyewe siyo kazi ngumu kivile, ina mpangilio wake tu. Unaanza na wadudu, unaenda kwenye maambukizi ya ngozi, ndo unakuja chakula, na aleji ya vumbi na majani inakaa mwisho kabisa kwa sababu hiyo haina kipimo kimoja cha kukwambia ndiyo au hapana, unaifikia kwa kuziondoa hizo nyingine. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja tafadhali. Ukibadilisha chakula, shampuu na dawa ya viroboto wikendi moja alafu mbwa akapona, sawa kapona, ila hujui kilichomponya ni kipi na ikirudi unaanza upya kabisa.

Hizi usikae nazo nyumbani

Uso umevimba ghafla au kaota vinundu mwili mzima na anapumua kwa shida, labda kaumwa na nyuki au katoka kuchomwa dawa muda si mrefu: hospitali sasa hivi.

Fizi zimekuwa nyeupe, hataki kula, ana joto, mkojo umekuwa wa kahawia au damu inamtoka puani, na ana kupe au alikuwa nao: hiyo siyo ngozi tena, hayo ni magonjwa yanayoletwa na kupe na yanaua haraka. Mtoto wa mbwa mwenye viroboto wengi na fizi zilizopauka naye asisubiri, wanammaliza damu.

Alafu hii watu wengi hawaijui. Mbwa anayejitafuna sehemu moja tu, tena pale alipong'atwa na mbwa mwingine wiki au miezi iliyopita, na tabia yake imebadilika, kawa mkali bila sababu au mpole kuliko kawaida, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, usimshike wala usimfungue mdomo kuangalia kama kakwamwa na mfupa. Mfungie sehemu, watoto wakae mbali, piga simu ofisi ya mifugo. Kichaa cha mbwa kinaweza kuanza na muwasho pale penye kovu. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo tu.

Kama hamna hata kimoja hapo, tuendelee.

Hatua ya 1: Usimguse kwanza, mtazame

Siku mbili tatu, asubuhi na jioni, angalia anajikuna wapi na kwa namna gani. Kulamba miguu ni kujikuna, kutikisa kichwa ni kujikuna, kujisugua ukutani na kuburuta makalio kwenye sakafu vyote ni kujikuna, watu wanahesabu ule wa mguu wa nyuma peke yake. Mrekodi na simu, maana mbwa akifika kwa dokta anajifanya mzima. Alafu kila jioni mpe alama kutoka 0 mpaka 10, ambapo 0 hajikuni kabisa na 10 haachi hata ukimwita kula. Andika kwenye simu hukohuko. Bila hiyo alama utakuja kusema "nadhani amepungua kidogo" na hilo halimsaidii mtu.

Mahali anapojikuna panasema mengi. Kiunoni, pale juu ya mkia unapoanzia na nyuma ya mapaja, hao ni viroboto mpaka uthibitishe vinginevyo. Kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na chini ya kifua, fikiria upele. Miguu, kwapa, uso, tumbo na masikio kwa pamoja, hapo aleji inanukia, ya chakula au ya mazingira. Mabaka yaliyonyonyoka manyoya kuzunguka macho na mdomo kwa mbwa mdogo ambaye wala hajikuni sana, hiyo ni demodeksi au fangasi. Kuburuta makalio, kuna vile vifuko viwili pembeni ya tundu la haja vikijaa vinamsumbua, dokta anavikamua dakika moja tu, ila na minyoo au aleji inaweza kufanya hivo. Ramani hii inakosea wakati mwingine, hasa mbwa akishajikuna miezi mingi maana mwili mzima unakuwa umeharibika, lakini ni pa kuanzia.

Na ujiulize haya: ilianza akiwa na umri gani? Inakuja msimu fulani inaondoka au ipo mwaka mzima? Kuna mbwa mwingine au paka naye anajikuna? Na nyie ndani mnawashwa? Hilo la mwisho usilione la ajabu, nitalirudia.

Hatua ya 2: Tishu mbichi

Hiki kipimo hakina gharama na ndo kinaumbua watu wengi wanaosema "mbwa wangu hana viroboto bana, nimeangalia". Kiroboto mzima ni mwepesi, anakimbia kwenye manyoya, unaweza kumfunua mbwa nusu saa usimwone hata mmoja. Wewe tafuta kinyesi chake.

Chukua chanuo la chawa, lile lenye meno yaliyobanana, na tishu nyeupe au karatasi nyeupe ya kawaida. Mbwa asimame juu ya shuka jeupe kama unalo. Anza kiunoni, chana kuelekea mkiani mpaka chanuo liguse ngozi kabisa, siyo juu juu, alafu nenda nyuma ya mapaja, katikati ya miguu ya nyuma, na chini ya mkanda wa shingoni. Kila ukichana kung'uta juu ya tishu. Utaona vumbi, mba, mchanga, na labda vichembe vyeusi vyeusi vilivyojikunja kama koma. Sasa dondoshea maji, matone mawili matatu tu, subiri kidogo, sugua taratibu na kidole. Mchanga utabaki mchanga. Kinyesi cha kiroboto kinayeyuka na kuacha doa la rangi ya kutu, nyekundu-kahawia, kwa sababu ile ni damu ya mbwa iliyosagwa tumboni kwa mdudu. Ukiona doa hilo maswali yameisha, viroboto wapo.

Usipoona haimaanishi hawapo. Mbwa mwenye aleji ya viroboto anaumwa na mate ya mdudu, wachache tu wanatosha kumfanya ajitafune kiuno mpaka damu, na kwa vile anajilamba mchana kutwa anawameza wote na ushahidi unaondoka. Hapo angalia kinyesi chake na manyoya ya kuzunguka tundu la haja, ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele, vingine vinajikunyata bado, hiyo ni minyoo tegu ambayo mbwa anaipata kwa kumeza kiroboto. Ni ushahidi mzuri tu kwamba viroboto walikuwepo.

Ukiwa na kuku nyumbani kuna viroboto wengine kabisa, wale wa kuku, hawarukiruki. Wananing'inia wamejibana vikundi vikundi kwenye kingo za masikio, kuzunguka macho na mdomo, weusi, ukipitisha kidole unahisi kama mchanga uliogandia kwenye ngozi na hautoki. Hapo ukimtibu mbwa peke yake ukaacha banda la kuku umepoteza hela.

Hatua ya 3: Ukingo wa sikio

Shika ncha ya sikio la mbwa kwa kidole gumba na cha shahada, ikunje, alafu sugua ukingo wa sikio wenyewe kwa wenyewe kwa sekunde kadhaa, taratibu tu usimuumize. Uangalie mguu wa nyuma wa upande huohuo. Kama unaanza kupigapiga hewani kama anajikuna, na kingo za masikio zina magaga makavu na manyoya yamenyonyoka, uwezekano wa upele ni mkubwa. Siyo uhakika asilimia mia, kuna mbwa wa aleji nao wanapiga mguu, ila ukijumlisha na viwiko vyenye magaga na muwasho wa alama 9 au 10 unaomfanya ashindwe kulala, usipoteze muda.

Ndo maana niliuliza kama na nyie mnawashwa. Utitiri wa upele wa mbwa unahamia kwa binadamu, unaleta vipele vidogo vinavyowasha mikononi, tumboni, kiunoni, hasa kwa yule anayembeba au mtoto anayemkumbatia. Kwa mtu haukai moja kwa moja, mbwa akitibiwa na nyie mnapoa, lakini ikizidi mwone daktari wa binadamu.

Jambo moja la kumwambia mtu akikukatalia kwamba ni upele: dokta akikwangua ngozi akaangalia kwenye hadubini asione utitiri wa upele, hiyo haifuti upele. Wanakuwa wachache mno na wamejichimbia, mara nyingi wanakosekana kwenye kipimo, kwa hiyo dokta mzuri atatibu tu kwa dalili. Demodeksi ni kinyume chake, hao wakiwepo wanaonekana vizuri. Na demodeksi haiambukizi mbwa wengine wazima wala watu, mtoto wa mbwa mwenye baka moja au mawili mara nyingi anapona mwenyewe akikua, usimchome kitu.

Hatua ya 4: Masikio, miguu, na pua yako

Nusa masikio. Kweli kabisa, pua yako ni kifaa hapa. Sikio zima halina harufu. Nta nyeusi kavu inayofanana na machicha ya kahawa, kwa mbwa mdogo au anayelala na paka, ni utitiri wa masikio, chukua kidogo weka juu ya kitu cheusi mahali penye mwanga wa tochi na kama una macho mazuri utaona vidoti vyeupe vinatembea. Nta ya kahawia yenye mafuta na harufu ya uvundo mtamu ni fangasi za hamira. Usaha wa njano na maumivu ni bakteria. Usiingize kijiti cha pamba, usimwagie spiriti, na sikio linalonuka lisitiwe dawa yoyote ya dukani kabla dokta hajaangalia ngoma ya sikio kama ni nzima.

Miguu, fungua katikati ya vidole na chini kwenye nyayo. Unatafuta funza, kidoti cheusi katikati ya uvimbe mweupe, wapo sana sehemu za udongo mkavu wa vumbi na mabanda yasiyofagiliwa. Unatafuta kupe waliojificha, unatafuta miba. Na uangalie rangi ya manyoya, mbwa mweupe akilamba mguu kila siku manyoya yanageuka rangi ya kutu kwa ajili ya mate, kwa hiyo hata kama hujawahi kumwona analamba unajua analamba usiku.

Kupe sitawaongelea sana, unawaona mwenyewe. Ila yule kupe wa kahawia anapenda banda na nyufa za ukuta kuliko hata mbwa, kwa hiyo ukimtoa kupe kwenye mbwa ukaacha kuta za banda, wanarudi. Mkamate na kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, usimchome na kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa.

Majipu yenye tundu dogo katikati linalopumua ni yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kambani, tunayempigia pasi nguo zote hata chupi. Mbwa anampata kwa kulala kwenye mchanga wenye mkojo. Ziba tundu na vaselini nzito kwa muda, buu likitafuta hewa linajitokeza, bana pembeni litoke zima. Likipasukia ndani linaleta usaha na maumivu, kwa hiyo kama haliji usilazimishe.

Sasa ngozi yenyewe. Mgeuze alale chali uone tumbo na kinena, hapo manyoya ni machache. Vipele vyenye usaha, au miduara iliyobanduka magamba pembeni, ni bakteria. Ngozi iliyokuwa nyeusi, nene, yenye mikunjo na mafuta kwenye kwapa, shingo na kinena, inanuka hata ukimwogesha jana, ni hamira, na huku pwani kwenye joto na unyevu hii iko kila mahali, hasa mbwa wenye manyoya mengi. Bakteria na hamira karibu kila mara wamekuja juu ya tatizo lingine, lakini wao wenyewe wanawasha vibaya sana, kwa hiyo lazima waondolewe kwanza ndo uone chini kuna nini. Kuna watu wanahangaika na aleji mwaka mzima kumbe nusu ya muwasho ilikuwa hamira tu ya kuogesha.

Mabaka ya duara yenye magamba ambayo hayamwashi sana yanaweza kuwa mashilingi, na hayo nayo yanahamia kwa watoto. Na kama alikuwa mzima saa nne, akaingia porini, saa tano anajisugua uso chini kama kichaa, kaangalie kama kuna upupu huko nyuma ya nyumba kabla hujaandika mambo ya aleji.

Hatua ya 5: Wiki 8 za vita na viroboto, hata kama hujawaona

Hapa ndo watu wanashindwa. Wanampa dawa mara moja, wanaona viroboto baada ya siku kumi, wanasema dawa feki. Inaweza kuwa feki kweli, ila mara nyingi sivyo. Wale viroboto wazima unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo sana ya jeshi lote, wengine ni mayai, mabuu na wale waliojifunga kwenye vifuko, wote wako kwenye mazingira, kwenye kitanda chake, mchanga wa kivulini, chini ya kochi, chini ya gari bovu lililopaki uani. Jike moja linaweza kutaga mayai 40 hivi kwa siku. Na aliyeko kwenye kifuko dawa nyingi hazimgusi, anakaa humo wiki, hata miezi, akisikia mtikisiko na joto la mnyama anapita anatoka. Kwa hiyo utaendelea kuona wapya kwa wiki kadhaa hata dawa ikiwa nzuri, muhimu wafe wakimuuma huyu mbwa kabla hawajataga.

Fanya hivi, zote kwa pamoja maana hiki tunakihesabu kitu kimoja:

Wanyama wote wa nyumba wapewe dawa siku moja, mbwa wote na paka, kila mmoja dawa yake kwa uzito wake. Mbwa mmoja akiachwa kwa sababu "huyu hajikuni" kazi yote bure. Vidonge vya kundi la fluralaner, afoxolaner na wenzao ndo vinarahisisha sana mambo kwa sababu vinaua viroboto na kupe na pia hao utitiri wa upele na demodeksi, ila mbwa mwenye kifafa mwambie dokta kabla. Dawa ya mbwa yenye permethrini isimguse paka kabisa, inamuua, hata kulaliana na mbwa aliyepakwa akiwa bado mbichi ni hatari.

Matandiko yachemshwe au yafuliwe na maji ya moto kila wiki, alafu juani. Mabuu hayapendi jua wala ukavu, yanataka kivuli na unyevu, kwa hiyo banda lililoko chini ya mwembe ambalo jua haliliingii miaka yote ndo kiwanda chenyewe. Lisogeze, au ng'oa paa siku ya jua. Fagia nje, choma uchafu wake, pulizia nyufa dawa ya banda mbwa akiwa nje na arudi ikishakauka.

Endelea wiki 8 ukiandika alama zako. Alama ikishuka kutoka 8 mpaka 2, umepata jibu lako na huhitaji kusoma kuhusu chakula hata kidogo. Ikishuka mpaka 5 ikagoma hapo, viroboto walikuwa sehemu ya tatizo, endelea na dawa na uende hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Chakula, na tatizo la mlinzi

Aleji ya chakula ipo, ila siyo kama watu wanavyoisema kila mbwa akijikuna. Na haiji kwa sababu umebadilisha chakula jana, mara nyingi ni kitu anachokula miaka yote. Vinavyoshtakiwa zaidi ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Vipimo vya damu vya aleji ya chakula usivitolee hela, haviaminiki. Njia iliyopo ni moja, kumlisha chakula kipya kabisa wiki 8.

Kipya maana yake aina moja ya nyama na aina moja ya wanga ambazo hajawahi kula. Hapa kwetu mbwa anakula ugali na dagaa, utumbo, vichwa vya kuku na mabaki ya pilau, kwa hiyo ng'ombe, kuku na samaki wameshatoka. Watu wanatumia sungura na viazi vitamu, au mbuzi kama kweli hajawahi kumwonja, vimechemshwa bila chumvi wala kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa kabisa. Kwa mbwa mzima wa kawaida wiki 8 atavumilia, mtoto wa mbwa au mwenye mimba usimfanyie hivi bila dokta kukupangia maana chakula hicho hakijakamilika.

Na hiyo wiki 8 ni kali. Hamna mfupa, hamna maziwa yaliyobaki, hamna dawa za minyoo zenye ladha ya nyama, hamna mkate wa mtoto. Kaa na watu wote wa nyumba uwaambie. Dada wa kazi umwambie, na mlinzi umwambie mara mbili, kwa sababu mlinzi na mbwa ndo wanakesha pamoja na saa nane za usiku mlinzi akila chakula chake anamtupia rafiki yake tonge la ugali na mchuzi, hawezi kula peke yake anatazamwa. Jaribio linafia hapo na wewe asubuhi huna habari. Na ukuta uwe mzima, mbwa anayezurura mtaani akala jalalani usianze hata.

Akipoa, kazi haijaisha. Mrudishie chakula chake cha zamani makusudi. Kama ni chakula kweli, muwasho unarudi ndani ya wiki mbili hivi, mara nyingi siku chache tu. Usiporudi, kilichomponya ni kitu kingine. Watu wanaogopa hatua hii, nawaelewa, ila bila kufanya hivo utamlisha mbwa sungura maisha yake yote bila sababu.

Tofauti na aleji, kuna mbwa anayelishwa uji wa sembe tu au ugali mkavu miaka. Huyo ngozi inakauka, inatoa mba, manyoya yanapauka, anakosa protini, mafuta na madini ya zinki. Huyo hana aleji, huyo ana njaa ya vitu fulani, mpe chakula kamili kwanza.

Hatua ya 7: Imebaki aleji ya mazingira

Viroboto umepigana nao, upele umetibiwa au umefutwa, bakteria na hamira zimeondoka, chakula umejaribu, na bado analamba miguu na masikio yanarudi kila mara. Na ilianza akiwa kati ya miezi sita na miaka mitatu. Hiyo sasa ni aleji ya vumbi, utitiri wa vumbi wa ndani, chavua, nyasi. Haiponi, inatunzwa. Mwoshe miguu na tumbo kwa maji ukirudi kutembea, mwogeshe mara moja kwa wiki na shampuu yenye klorheksidini ikae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuza, dawa ya viroboto isikatike hata mwezi mmoja, na dokta akupangie dawa ya muwasho ya muda mrefu kama oclacitinib, au steroidi ya vidonge kwa dozi ndogo na siku zinazohesabika. Ndiyo, steroidi ile ile, ila sasa unajua inazima nini.

Vitu vya kutompaka wala kumpa

Oili chafu ina madini mazito na sumu nyingine, inaunguza ngozi na mbwa anailamba yote. Dawa ya kupulizia mboga shambani usiiguse, mbwa atatokwa mate, atatetemeka na kufa mbele yako. Dawa ya josho ina nguvu iliyotengenezwa kuchanganywa na maji mengi kwa ng'ombe, kifuniko cha chupa siyo kipimo. Ivermektini ya ng'ombe nayo ni hivyohivyo, mbwa wa kilo 12 siyo ng'ombe wa kilo 300, kosa dogo la bomba ni dozi mara kadhaa, na kuna mbwa wa jamii za collie na baadhi ya shepherd wenye jeni ya kurithi inayofanya dawa hiyo iingie kwenye ubongo. Dettol, Jik na sabuni ya unga vinakausha na kuchoma ngozi iliyokwisha kuchubuka. Panadol, diclofenac na ibuprofen za binadamu ni sumu kwake, na hizo mbili za mwisho zikikutana na steroidi tumbo linatoboka.

Ukienda kwa dokta

Beba zile alama, video, tishu yenye doa, na maboksi au picha za dawa zote alizopewa pamoja na tarehe, hata ile ya jamaa wa sindano. Mwambie moja kwa moja kama alichomwa steroidi na lini, maana inaficha dalili na kuharibu majibu ya vipimo. Omba akwangue ngozi sehemu kadhaa, siyo moja, na achukue seloteipu abandike kwenye ngozi yenye mafuta aangalie hamira na bakteria kwenye hadubini, ni vipimo vya dakika chache. Akitaka kuchoma sindano kabla hajamgusa mbwa, muulize inaitwaje na anatibu nini. Na usimwogeshe mbwa siku mbili tatu kabla ya kwenda, najua unaona aibu ananuka, lakini ukimsugua unafuta kila kitu ambacho dokta anatakiwa kukiona.